Komba wa Rondo na uyoga wa gogoni

Pwani ya kusini, mgema akipanda mnazi alfajiri na kukuta kibuyu kimepungua, wa kwanza kulaumiwa ni komba. Sifa yake ya ulevi inajulikana kuanzia Kilwa hadi Msimbati. Lakini kisa hicho kina mhusika wa tatu asiyetajwa. Utomvu wa mnazi unapodondoka kutoka kwenye karara ni mtamu tu, haulevyi. Kinachougeuza kuwa tembo ni hamira za porini, viumbe vya seli moja vinavyoingia kibuyuni pamoja na hewa, wadudu na mabaki ya jana, vikala sukari na kuacha kileo. Hamira ni kuvu, yaani fangasi, kundi lilelile la uyoga. Kwa hiyo komba anayelewa juu ya mnazi anakunywa kazi ya kuvu, na uhusiano wa namna hiyo, mnyama mdogo kuishi kwa jasho la kuvu bila kujua, umejaa katika misitu yetu kuliko tunavyodhani.

Nataka kuwaweka pamoja viumbe wawili wanaopatikana Lindi. Mmoja ni komba mdogo wa Rondo, kwa jina la kisayansi Paragalago rondoensis. Mwingine ni uyoga mdogo mweupe unaoota kwenye magogo na matawi makavu, Schizophyllum commune. Wa kwanza ni miongoni mwa mamalia wenye makazi finyu kabisa nchini. Wa pili umeenea mabara yote isipokuwa Antaktika. Kuna watakaosema mnyama na uyoga havilinganishiki. Mimi naona vinalinganishika vizuri sana, kwa sababu ukizifuata tofauti zao moja baada ya nyingine, nyingi zinakupeleka kwenye swali moja: kiumbe huyu anampataje mgeni wa kuzaa naye?

Tuanze na komba. Wale wanaoshukiwa kuiba tembo ni komba wakubwa, wanaokaribia au kuzidi kilo moja. Wa Rondo ana gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku, na ndiye mdogo kuliko komba wote wanaojulikana. Mkia wake una manyoya yaliyosimama pande zote, na macho yake makubwa yana utando nyuma yake unaorudisha mwanga, ndiyo maana yanang'aa ukimmulika tochi. Vielelezo vyake vilikusanywa uwanda wa juu wa Rondo tangu miaka ya 1950, lakini vilidhaniwa kuwa vya spishi nyingine. Alitambuliwa rasmi kuwa spishi ya peke yake mwaka 1997, na mwaka 2017 akahamishiwa kwenye jenasi mpya, yaani kundi la spishi za karibu, ya Paragalago. Mojawapo ya vitu vilivyomtambulisha ni sauti. Komba wadogo wanafanana sana kwa sura, lakini kila spishi ina mlio wake wa usiku, na mlio wa huyu hutoka vipande viwili viwili, ukijirudia kwa mfululizo. Mtu mwenye kinasa sauti gizani anaweza kumtenganisha na jirani yake kabla hajamwona.

Sasa uyoga. Chukua tawi la mwembe lililolala uani tangu mwaka jana. Kando ya gome utaona vipande vidogo vya umbo la upepeo, upana wa sentimita moja hadi tatu au nne, vyeupe au vya kijivu, vyenye manyoya mafupi juu. Havina shina; vimeshika mti kwa ncha moja. Geuza kimoja. Chini yake kuna mistari inayotoka pale kiliposhika gome na kutawanyika hadi ukingoni, na kila mstari umepasuka katikati kwa urefu wake. Huo mpasuko ndio alama yake kuu. Jua likichoma, nusu mbili za kila mstari hujikunja na kuufunika uso unaotoa mbegu zake ndogo mno, yaani spora. Kiweke kipande kilichokauka kwenye kisosi chenye maji kidogo. Baada ya saa chache mistari itakuwa imefunguka na kupata rangi ya waridi hafifu. Kilaze juu ya karatasi nyeusi usiku kucha ukiwa umekifunika kwa bakuli, na asubuhi utakuta vumbi jepesi jeupe. Kila chembe ya vumbi hilo ni kiumbe kinachoweza kuanza maisha mahali pengine.

Hapo ndipo inabidi tuondoe kosa ambalo wengi tulifundishwa, au tulijifundisha wenyewe, kwamba uyoga ni mmea. Unaota, hautembei, unachumwa na kupikwa, kwa hiyo tunauweka kundi moja na mchicha. Ukweli ni kwamba uyoga uko karibu zaidi na komba kuliko na mwembe unaoulisha. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga na komba hawawezi, lazima wale kilichotengenezwa na wengine. Mmea huhifadhi akiba yake kama wanga, ule tunaoukuta kwenye muhogo. Kuvu na wanyama huhifadhi glaikojeni, na wewe msomaji unayo kwenye ini lako sasa hivi. Kuta za seli za kuvu zimejengwa kwa kaitini, kitu kilekile kilichomo kwenye gamba la kamba na mgongo wa panzi. Mwaka 1993 watafiti waliolinganisha chembe za urithi walitoa ushahidi mzito kwamba wanyama na kuvu ni matawi ya shina moja, lililoachana na ukoo wa mimea kabla hayo mawili hayajaachana. Matawi yenyewe yaligawanyika miaka bilioni moja hivi iliyopita.

Muda huo ni mrefu kiasi gani? Lindi ina kipimo chake. Kilima cha Tendaguru, ambako wachimbaji walifukua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuibeba hadi Berlin, kina mawe ya miaka milioni 150 hivi. Watu wanakumbuka mijusi wakubwa tu, lakini katika matabaka yaleyale kulikuwa pia na mamalia wadogo. Mmoja wao, Brancatherulum tendagurense, amebeba jina la kilima hicho. Yaani wakati dinosaria wanakanyaga Lindi, viumbe vidogo vyenye damu moto tayari vilikuwa miguuni mwao, na kuvu ilishakuwa inaozesha magogo kwa muda mrefu sana kabla ya hapo. Dinosaria wale hawapo. Ukoo wa mamalia na ukoo wa kuvu upo.

Undugu huu una matokeo unayoweza kuyaona kwenye duka la dawa. Dawa nyingi zinazoua bakteria hazimgusi mgonjwa sana kwa sababu bakteria wametengenezwa tofauti kabisa na sisi. Fangasi ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa seli yake inafanana na yetu mno, na sumu inayomdhuru yeye inaweza kutudhuru nasi. Dawa nyingi za fangasi hulenga tofauti ndogo: ngozi ya seli zetu ina kolesteroli, ya kuvu ina egosteroli. Wanasayansi wamejibanza kwenye mwanya huo mdogo kwa miongo mingi.

Tukija kwenye kula, ndugu hawa wawili wameshika njia zilizopingana. Komba anaingiza chakula ndani ya mwili kisha anakimeng'enya. Kuvu inauingiza mwili wake ndani ya chakula. Uyoga tunaouona ni kiungo cha uzazi tu. Kiumbe chenyewe ni utando wa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, zilizopenya ndani ya mbao. Nyuzi hizo humwaga vimeng'enya nje, mbao inalainika na kugeuka sukari, kisha nyuzi zinafyonza. Kazi hiyo si rahisi. Mbao imejengwa kwa selulosi, ambayo ni minyororo ya sukari, ikafungwa na lignini, kitu kigumu ambacho ni viumbe wachache sana duniani wanaoweza kukivunja vilivyo, na kati yao kuvu ndio hodari. Schizophyllum hauna nguvu kubwa ya kuvunja lignini. Huwahi mapema, hula kilicho rahisi, na kuwaachia wengine kazi nzito. Seti yake kamili ya jeni ilichapishwa mwaka 2010 na ikaonekana ina jeni kama 13,000. Sisi binadamu tunazo kama 20,000. Tofauti ni ndogo kuliko majivuno yetu.

Mtu wa Mtwara au Lindi ana sababu ya kuichukia kuvu. Ubwiriunga ni kuvu, na kila msimu wa kipupwe mkulima wa korosho anaamka usiku kupuliza salfa ili maua na majani machanga yasifunikwe na unga ule mweupe. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimepambana nao kwa miaka mingi. Lakini ubwiriunga na uyoga wa gogoni wana mwenendo tofauti kabisa. Ubwiriunga unahitaji mkorosho ulio hai, unaufyonza ukiwa unapumua. Uyoga wetu unakula zaidi kilichokufa, ingawa huweza kupenya kwenye jeraha la mti uliochoka au ulioungua na jua. Kuziweka kuvu zote kwenye kapu moja la adui ni kuonea wengine. Katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, uyoga huu mgumu hupikwa na kutafunwa taratibu, ila nisieleweke kuwa namwambia mtu aokote uyoga asioujua. Hilo waachiwe wanaoujua kwa macho ya miaka mingi.

Namna ya kula inaleta tofauti nyingine kubwa, ile ya kusubiri. Komba ana damu moto, na mwili mdogo unapoteza joto haraka kuliko mkubwa. Mwili wa gramu 60 hauwezi kulaza deni. Kila usiku lazima apate wadudu na matunda. Kuvu hii inasubiri. Mwanzoni mwa karne ya 20, A. H. R. Buller, mtaalamu wa kuvu aliyefundisha Winnipeg nchini Kanada, alivifunga vielelezo vyake vilivyokauka ndani ya mirija ya kioo iliyotolewa hewa. Zaidi ya miaka 50 baadaye vilipewa maji, vikaamka. Ukame ambao ungemmaliza komba kwa siku chache, kwa uyoga huu ni usingizi.

Na sasa lile swali la mgeni.

Komba wana jinsia mbili, na dume na jike lazima wawe ndani ya msitu mmoja, wakutane, wakubaliane, na jike abebe mimba. Mtoto huwa mmoja, au wawili. Uyoga huu hauna dume wala jike. Kila spora ikiota hutoa nyuzi zenye kiini kimoja, kile kinachobeba chembe za urithi, katika kila seli, na nyuzi hizo hubeba vitambulisho viwili vya urithi, ambavyo wataalamu wanaviita A na B. Ili nyuzi mbili zioane, sharti zitofautiane katika A na zitofautiane pia katika B. Inakadiriwa kuwa duniani kuna aina 288 za A na aina 81 za B. Zidisha, unapata michanganyiko 23,328.

Hesabu hiyo inatenda jambo la ajabu. Spora mbili zilizotoka kwenye uyoga mmoja ni ndugu, na kwa kuwa mzazi ana aina mbili tu za A na mbili za B za kuwagawia, uwezekano wa ndugu hao kuoana ni robo tu. Lakini nyuzi mbili zisizojuana, moja imetoka Nachingwea na nyingine imepeperushwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, zina uwezekano wa zaidi ya asilimia 98. Mfumo mzima unawanyima ndugu na kuwafungulia wageni. Na wageni wanafika, kwa sababu spora ni nyepesi kiasi cha kupandishwa na upepo na kubebwa mbali sana. Hata hivyo haina maana kwamba dunia nzima ni familia moja: uchunguzi wa jeni umeonyesha kuwa kuvu hii ya mabara ya Amerika imetengana kwa kiasi na ile ya upande wetu wa dunia. Bahari bado ni bahari. Lakini mto Rufiji, kwa spora, si kitu.

Hata baada ya kuoana kuna jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Mbegu ya dume la komba ikilifikia yai, viini vyao huungana na mimba inaanza. Nyuzi za kuvu zikioana zinapeana viini, lakini viini haviungani. Vinakaa viwili viwili katika kila seli, bega kwa bega, utando ukizidi kukua ndani ya gogo kwa muda mrefu, hadi uyoga unapochomoza. Ndipo vinaungana, kwa kitambo kifupi sana, kisha vinagawanyika upya kuwa spora. Maisha karibu yote ya kiumbe huyu yanapita katikati ya uchumba na ndoa.

Mgeukie sasa komba. Anajulikana katika misitu michache iliyotengana: Rondo yenyewe, Litipo na Chitoa upande wa Lindi, Ziwani upande wa Mtwara, kisha anapotea kwa takriban kilomita 400 hadi ng'ambo ya Rufiji, kwenye mabaki ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Pande, Ruvu Kusini, na Zaraninge karibu na Saadani. Ukijumlisha maeneo yote anayoishi hupati zaidi ya kilomita za mraba mia moja na kidogo. Litipo na Chitoa ni kama kilomita za mraba nne na tano. Kati ya 2006 na 2014 aliwekwa mara kwa mara kwenye orodha ya primata (kundi la komba, nyani na binadamu) 25 walio hatarini zaidi duniani, na hatari hiyo haijamwondokea.

Kinachomfunga ndani ya vipande hivyo ni mwendo wake. Komba huyu huwinda chini, kwenye vichaka na karibu na majani yaliyoanguka, akiruka kutoka fito moja iliyosimama hadi nyingine. Mchana hulala kwenye kiota, mara nyingi juu kwenye majani. Bila vijiti vya kurukia hana barabara. Shamba la ufuta lililofyekwa vizuri, ambalo kwa mwenyewe ni fahari, kwake ni ukuta. Mikorosho iliyopaliliwa chini kwa ajili ya kuokota korosho hali kadhalika. Wakata mkaa wakimaliza kipande, hata kama miti mikubwa michache imebaki, uoto wa chini umekwenda. Kwa hiyo komba wa msitu mdogo anazaana na jamaa zake, na watoto wao na jamaa zao, na kasoro za urithi zilizokuwa zimejificha zinapata nafasi ya kukutana. Kuvu imejengewa kizuizi dhidi ya jambo hilo ndani ya A na B zake. Komba alikuwa na kizuizi pia: kijana anahama, anakwenda mbali na alikozaliwa. Tumemwondolea njia ya kuhamia.

Ndiyo maana nakataa maelezo mepesi kwamba komba anaisha kwa sababu ni dhaifu na uyoga unashamiri kwa sababu ni imara. Komba ana ubongo, ana masikio yanayogeuka kufuata mdudu gizani, ana mruko ambao mwanariadha yeyote angeutamani. Aliumbika vema kwa ajili ya msitu uliounganika. Uyoga nao, kwa jinsi ulivyo, unanufaika na uharibifu uleule: tukikata miti na kuacha matawi yakipigwa jua, tunauwekea meza. Ukiuona umejaa pembeni mwa barabara mpya ya kubebea magogo, usidhani ni dalili kwamba msitu una afya.

Na bado wawili hawa wanakutana, hata kama komba haugusi uyoga huo kamwe. Gogo likianguka Rondo, kuvu za kwanza hufungua njia, za pili na tatu zinaingia, mbao inalainika, mabuu ya mende na mchwa wanachimba, majani yanayooza juu ya udongo yanajaa panzi wadogo, mende na nondo. Hao ndio chakula cha usiku cha mnyama mwenye gramu 60. Rutuba iliyokuwa imefungwa ndani ya mti inarudi kwenye udongo, miche inachipua, na miche hiyo ikifikia unene wa fito inakuwa barabara yake. Msitu uliosafishwa magogo yake yote kwa ajili ya kuni na mkaa unaweza kuonekana nadhifu, lakini umepunguziwa jiko.

Rondo sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na pembeni yake kuna mashamba ya miti ya kupandwa, misaji na misindano. Ukitembea chini ya misaji utaona kwa nini shamba la miti si msitu kwa komba: majani mapana makavu yamefunika ardhi na vichaka ni vichache. Uyoga utaukuta, kwenye matawi yaliyopogolewa. Nje ya mipaka ya hifadhi, vijiji vingi vya Lindi vina misitu yao chini ya usimamizi shirikishi, na kila msitu wa namna hiyo una sheria ndogo ambazo wanakijiji wanazipitisha wenyewe mkutanoni. Sheria hizo huzungumza sana juu ya mvule, mninga na mpingo, miti yenye bei. Ningependa ziongezwe mambo mawili: kwamba kandokando ya vijito na kwenye mipaka ya mashamba vichaka vibaki bila kufyekwa, upana wa kutosha kwa mnyama arukaye kutoka fito hadi fito, na kwamba gogo lililoanguka lenyewe ndani ya msitu liachwe pale lilipoangukia.